Simu ya Zaina Imo Kwenye Debe la Unga

Ijumaa, jioni. Masuguru.

Rasharasha haijakatika tangu adhuhuri. Ukitazama upande wa milima unaona weupe tu, kama mtu katandika shuka. Nimefunga meza yangu ya nyanya mapema, nimerudi nyumbani, nimekomea mlango mchana kweupe. Zaina ananitazama. Hajazoea kuniona nakomea mlango kabla ya magharibi.

Simu yake imo kwenye debe la unga. Ilikuwa imezimwa kabatini, mimi nikaitoa, nikaizungushia kipande cha kitenge, nikaifukia, juu nikafunika na bakuli. Najua simu iliyozimwa haisikii. Lakini nimefunika.

Mimi niliishia darasa la tano. Huu ukurasa alinifungulia mdogo wangu anayekaa Dar, akaniambia dada wewe andika tu kama unavyoongea, watu watapenda mapishi yako. Nimeandika ya kisamvu, nimeandika ya bada, ule ugali wetu wa muhogo, na nyie mmenijibu vizuri, Mungu awalipe. Leo sina mapishi. Leo naandika kwa sababu nikikaa kimya nasikia ile sauti ya mtu inayosifia nyanya zangu.

Na hili la Zaina si jina lake. Nimeanza kujifunza.

Nianze na simu yenyewe. Baba Zaina yuko Kwamsisi, ana shamba la mahindi na ufuta, anakuja kwetu akipata nafasi. Mama yangu mzazi anakaa Ngombezi, kwenye zile nyumba za mstari za wafanyakazi wa mkonge. Alizaliwa humo na kuhama hataki. Miguu yake siku hizi haimbebi, kwa hiyo kila Jumamosi Zaina anakwenda kumchotea maji na kumfulia, jioni anarudi. Ana miaka kumi na tatu, mwaka huu kaanza kidato cha kwanza. Njia ile ni mkonge huku na mkonge huku. Mkonge ukishakuwa mkubwa, mtu akisimama ndani humuoni.

Jumamosi moja ilinyesha mvua ya kuangusha migomba, giza likaanza kuingia mtoto hajarudi. Kumbe yuko salama kwa bibi yake anasubiri mvua ikatike. Mimi nilikuwa nimeshafika kijiwe cha bodaboda, namuuliza kila kijana kama kamuona mtoto wa kike mwenye sketi ya bluu. Nilirudi na ndala moja, nyingine sijui niliiacha kwenye tope gani. Siku ile nikasema basi, mtoto huyu anahitaji simu.

Nikauliza watu. Niliuliza sokoni, nikauliza wanawake wenzangu wa kikundi chetu, nikauliza mpaka mwalimu mmoja mnunuzi wangu wa vitunguu. Wote maneno yalikuwa mamoja: simu kubwa usimpe. Kuna picha, kuna video, kuna makundi ya ajabu ajabu. Mpe kiswaswadu, ile ndogo ya kubonyeza, haina dhambi. Nikampa kiswaswadu. Laini nikaisajili kwa kidole changu mwenyewe. Shuleni simu hairuhusiwi, kwa hiyo siku za shule inabaki nyumbani, anaishika akirudi mchana mimi nikiwa bado sokoni, na Jumamosi anatoka nayo kwenda kwa bibi.

Nilijiona mama mwenye akili. Hakuna picha, hakuna video, kuna kupiga na kupokea basi.

Hakuna aliyeniambia habari ya shikamoo.

Huyu mtoto nimemlea kwa mdomo wangu na wakati mwingine kwa fimbo yangu. Mtu mzima muamkie. Mtu mzima akikuuliza, mjibu, tena umalize sentensi. Usimkatishe. Usimuulize wewe nani, maana kwetu mtoto akimuuliza mzee wewe nani, kesho yake mama mtu ndiye anayesemwa kisimani. Majirani wakipita walikuwa wananiambia, Mama Zaina, huyu mwanao kafunzwa. Nilikuwa navimba kichwa, sitadanganya.

Basi siku moja nimerudi sokoni, hata kapu sijatua, Zaina akanipokea kwa furaha.

"Mama, baba mdogo anakusalimia."

"Baba mdogo yupi?"

"Wa Kwamsisi. Kapiga tena leo."

Ile "tena" ndiyo iliyonikalisha. Nililitua kapu la nyanya nikalikalia, nikazisikia zinapasuka, na sikuinuka.

Nikamwambia nisimulie toka mwanzo, polepole. Mtu yule mara ya kwanza alisema kakosea namba. Zaina akamwamkia, maana hata aliyekosea namba ni mtu mzima. Marahaba mwanangu, una adabu wewe, hapo ni kwa nani? Kwa Mama Zaina. Wa wapi? Wa Masuguru. Baba yupo hapo nimsalimie? Hayupo, yuko Kwamsisi shamba. Ahaa, Kwamsisi! Sasa si mimi baba yako mdogo? Nilikubeba ukiwa mchanga, huwezi kunikumbuka.

Mnaona alivyofanya? Kila alichokijua alipewa na mtoto wangu, na kila alichopewa alikirudisha kimevaa nguo nyingine.

"Kakuuliza nini kingine?"

"Kauliza mama anarudi sokoni saa ngapi."

"Ukamwambia?"

"Si mtu mzima, mama?"

"Na nini tena?"

"Jumamosi nakwenda wapi. Nikamwambia kwa bibi, Ngombezi. Akasema pole mwanangu, njia ya mkongeni ina upweke. Akauliza huwa nakwenda na nani."

Sikumpiga. Wala sikufoka. Ningemfokea kwa kosa gani? Mtoto alifanya kila nilichomfundisha, tena kwa sauti nzuri.

Nilimpigia baba yake. Baba Zaina ni kitinda mimba kwao, hana mdogo wa kiume. Lakini nyie mnajua kwetu, baba wadogo hawaishi, watoto wa huyu na wa yule wote ni baba mdogo. Mwenyewe akawasha pikipiki, akawazungukia ndugu zake mmoja mmoja Kwamsisi nzima. Hakuna aliyepiga. Wengine hata hawakujua kwamba Zaina ana simu.

Nikaipigia ile namba mimi. Ikapokelewa. Mtu hakusema. Nikasikia kuku, nikasikia redio inasoma matangazo ya vifo, nikasikia pumzi. Halafu ikakatwa.

Mwenyekiti wa mtaa nilimfuata. Akanisikiliza, akaniambia mama, mtu kukosea namba si kesi, akipiga tena njoo. Baba Zaina naye akasema mnyang'anye simu, yaishe. Nilitaka kufanya hivyo. Nilikaa nayo mkononi jioni nzima. Lakini Jumamosi ziko pale pale, na mkonge uko pale pale, na sasa kuna mtu anayejua kwamba mtoto anapita peke yake. Bila simu yuko peke yake njiani. Akiwa na simu, yule mtu yuko naye mfukoni. Mwe! Mama gani anaweza kuchagua hapo?

Kwa muda nilifunga biashara Jumamosi nikawa nakwenda naye. Halafu nikaamua kumfundisha upya.

Nilikuwa nimemwambia azipokee namba alizozihifadhi tu. Haikufaa. Watu wa kwetu shamba wanapiga kwa simu ya yeyote. Ya kwako haina chaji, unaazima ya jirani, ya jirani haina salio, unaazima ya mwenye duka. Baba yake mwenyewe nusu ya siku anapiga kwa namba nisizozijua. Kwa hiyo nikampa maswali. Unaitwa nani? Baba yangu anaitwa nani kwa jina lake? Bibi yangu wa Ngombezi anaitwa nani? Akishindwa moja, kata.

Zaina alicheka kwanza. Halafu akaona sicheki.

"Nimuulize mtu mzima jina? Mama, si utanipiga?"

"Sikupigi."

"Na kama ni mtu mzima wa kweli?"

"Hata kama ni wa kweli."

"Na shikamoo je?"

Hapo nilifikiri kidogo. Nikamwambia shikamoo iweke mwisho, akishafaulu.

Aliniangalia kama nimemwambia ale mchana wa Ramadhani. Tulifanya mazoezi. Mimi najifanya mzee, nakohoa, nasema halo mwanangu, na yeye kila mara shikamoo inamtoka kabla hajajizuia. Inamtoka yenyewe, kama chafya. Tukarudia na kurudia, mchana, tukichambua mchele, tukianua nguo. Nilikuwa namng'oa mtoto wangu kitu nilichokipanda mwenyewe, na mkono ulikuwa unauma.

Wiki iliyopita simu ikaita, namba ngeni. Nilikuwepo. Nikamuonyesha kwa jicho, haya.

"Halo," akasema Zaina. "Wewe nani?"

Nikasikia sauti ya kizee inapanda huko ndani. Ilikuwa ya mjomba wangu, Mzee Mhina wa Kwamsisi, kaazima simu kwa mwenye mashine ya kusaga.

"Nani wewe? Mimi ndiye nani? Mimi babu yako!"

"Babu yupi? Jina lako nani?"

"We mtoto! Mpe mama yako simu!"

"Mama yangu anaitwa nani?"

Mzee Mhina tangu nizae ananiita Mama Zaina, na kabla ya hapo aliniita binti. Nadhani jina langu halikumjia. Zaina akahesabu kidogo moyoni, akakata.

Nilipaswa kushtuka. Nilimkumbatia. Nilimkumbatia mpaka akasema mama unaniumiza.

Mzee Mhina alikuwa anataka kutuambia kuna mahindi yetu kayaweka kwenye basi. Alikasirika, akaenda mpaka shambani kwa Baba Zaina, akasema mbele za watu kwamba huko Masuguru mnalea mbuzi. Baba Zaina akanipigia kwa hasira huku anacheka, nami nikampigia mzee kuomba radhi. Nilipiga magoti kabisa sakafuni, kana kwamba ananiona, nikasema mjomba shikamoo, nisamehe, ni mimi nimemfundisha. Akasema, "Umemfundisha kuwa mhuni?" Nikasema ndiyo mjomba. Akakata yeye.

Kwa amri ya Baba Zaina simu tukaizima mpaka mzee apoe. Sikubisha. Mimi moyoni nilikuwa nimeshasema, mtoto yuko tayari. Kama kaweza kumkatia simu Mzee Mhina, anaweza kumkatia yeyote. Nilipanga Jumamosi hii, kesho, nimrudishie simu yake na aende peke yake kwa bibi, mimi nibaki na meza yangu.

Sasa leo.

Leo sokoni wateja walikuwa wachache kwa mvua. Nimejifunika turubai, napanga mafungu. Akaja mtu kununua nyanya.

"Mama Zaina, habari za biashara?"

"Nzuri tu, karibu."

"Nyanya zako nzuri. Ngumu. Za wapi hizi?"

Nikamwambia za Lushoto. Nikampangia. Akawa anachagua mwenyewe, moja moja, anaibonyeza kwa kidole gumba, anairudisha, anachukua nyingine. Hakuwa na haraka.

"Na Zaina hajambo?"

"Hajambo kabisa, yuko shule."

"Naona siku hizi simu yake haipatikani."

"Aa, tumeizima kidogo."

"Basi sawa. Kesho anakwenda kwa bibi?"

"Anakwenda, Mungu akipenda."

"Haya, msalimie."

"Zimefika," nikasema. "Asante, karibu tena."

Nikasema karibu tena.

Alishapita meza ya dagaa ndipo nikayasikia niliyomjibu. Nikasimama. Nikatazama. Nikaona miavuli, nikaona migongo ya watu, nikaona mtu anasukuma mkokoteni wa kabichi. Nikamuuliza muuza dagaa, yule mtu aliyekuwa hapa kwangu ni nani? Akasema, "Yupi? Si mlikuwa mnaongea kama ndugu?"

Nimekaa hapa tangu nirudi najaribu kuukumbuka uso wake. Sina. Kanzu, hapana. Kofia, labda. Nilikuwa nazitazama nyanya. Nakumbuka gumba tu, kucha imekatwa vizuri, safi, inabonyeza nyanya kuona kama imeiva.

Na sina hakika hata kama ni yeye. Pengine ni mzazi wa mtoto anayesoma na Zaina. Pengine ni jamaa wa Kwamsisi kweli, wapo wengi hapa mjini, kajaribu kupiga kutusalimia akakuta imezimwa. Najiambia hivyo. Kisha najiuliza mzazi gani anajua kwamba mtoto wangu Jumamosi anakwenda kwa bibi. Halafu naacha kujiuliza.

Zaina aliporudi shule nilimwambia yote. Niliwaza kumficha, nikaona hapana, njia ni yake, na aijue ilivyo. Alisikiliza kavaa bado sare, begi mgongoni, maji ya mvua yanamdondoka puani. Nilipomaliza akaniuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini, bila dharau.

"Mama, hukumuuliza jina?"

Sikumuuliza jina.

Nilikuwa na maswali yote kichwani, nimeyatunga mimi, nimeyafundisha kwa siku zisizohesabika. Mzee Mhina tumemvunjia heshima kwa ajili ya maswali hayo. Na mtu kasimama mbele yangu, urefu wa mkono, kaniamkia vizuri, kaniita Mama Zaina, nami nikamjibu kila kitu na nikamshukuru. Nimekuwa nauliza mtoto huyu lini atakuwa tayari. Hata simu sikuwa nayo mkononi, jamani. Yalinitoka yenyewe.

Jioni hii Zaina kaanza kunifundisha mimi. Kakaa kwenye kigoda, kajifanya ni yeye mteja, anabonyeza viazi.

"Mama Zaina, habari za biashara? Zaina hajambo?"

"Haja..." Nikajishika mdomo.

Alicheka sana. Mimi pia nilicheka, halafu nikaenda jikoni kidogo nikasimama huko.

Nimeamua hivi. Kesho asubuhi naanza tena kwa mwenyekiti wa mtaa, na akiniambia si kesi namwambia aniandikie hivyo kwa mkono wake. Kutoka hapo nakwenda dawati la jinsia polisi, na ile namba. Kuanzia sasa meza yangu Jumamosi itafungwa, mama yangu wa Ngombezi hawezi kukaa bila maji na mtoto hapiti tena njia ile peke yake. Tutakwenda wote. Saa ya kutoka na njia siandiki hapa. Zaina atakuwa na simu yake, nitaitoa kwenye unga na kuifuta, maana kati yetu wawili yeye ndiye anayeweza kumwambia mtu mzima wewe nani.

Mimi nitatembea nyuma yake. Safari hii nitatazama nyuso.

Nimemaliza kuandika hayo na mvua imekatika. Nje kumekuwa kimya, matone tu yanaanguka kutoka kwenye bati. Mtu kapita uchochoroni, kasema "hodi hodi" kwa jirani, au kwetu, sikusikia vizuri. Mdomo wangu ulishafunguka kusema karibu. Zaina kaniwekea mkono.

Tumenyamaza wote wawili mpaka hatua zikaisha.

Kesho ni Jumamosi. Yule mtu anajua mtoto anakwenda. Aliyemwambia ni mimi.